Mustang ya 1966 ya turubai, naweka V8 yenye toki kubwa: bodi nianze kuiimarisha wapi?

Turubai66

Wakuu habari za wikendi. Niko Texas huku, mkate wangu ni lori la masafa marefu, ila nyumbani gereji nina Mustang ya 1966 ile ya kufungua paa. Niliinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa ameiacha imelala miaka na miaka, na tangu niilete nyumbani sijalala vizuri kwa kuiwaza. Ilitoka kiwandani na ile injini ya silinda 6 za mstari, ujazo wa inchi 200, toki yake (ile nguvu ya kuzungusha) paundi-futi 190 na si zaidi. Mnaoijua mtaitambua kwa tairi zake za nati 4, zile za V8 zina nati 5.

Sasa injini hiyo inatoka. Nimepata bloku ya V8 ya ujazo wa inchi 302, jamaa wa mashine ameiwekea krenki yenye stroku ndefu imekuwa 347, tunategemea toki ya paundi-futi 400 hivi. Giaboksi ni Toploader ya gia 4, gia ya kwanza ni 2.78. Difu nimeshanunua ya inchi 9 yenye uwiano wa 3.55. Kwahiyo upande wa mashine nimejipanga.

Kinachonitia hofu ni bodi. Jumamosi nilikuwa napiga jeki pembe ya mbele kushoto nitoe tairi, kabla ya jeki ile nafasi ya juu nyuma ya mlango wa dereva ilikuwa inaingia sarafu mbili za robo dola zikiwa zimebebana, nimepima mwenyewe, nikapandisha jeki tairi likaachana na sakafu nikaenda kuchukua simu ndani ya gari mlango ukagoma kufunguka. Nikarudi kuangalia ile nafasi, hata karatasi haipiti. Nikashusha jeki mlango ukafunguka kama kawaida. Yaani gari imekunja mgongo kwa jeki tu, je siku nikiachia klachi na toki mara mbili ya ile ya kiwandani?

Gereji moja ya hapa mjini wameniambia nifunge zile baa mbili za bolti zinazounganisha fremu ya mbele na ya nyuma, kazi ya nusu siku, halafu nitie injini niendeshe. Mimi naona kama ni rahisi mno. Nina welda ya MIG na najua kuchomelea kiasi, bati jembamba nimeshalifanya. Masharti yangu ni mawili, paa liendelee kufunguka, na siti ya nyuma ibaki maana watoto wangu ndio pao pale. Naombeni mwongozo wa mtu aliyeshika kitu hiki kwa mikono yake.

---

Bodi ni Bodi

Salama ndugu yangu. Mimi ni fundi wa bodi hapa Changamwe, Mombasa, Mustang nimeshika moja tu maishani lakini magari yasiyo na chesisi ya chini nimeyakata na kuyaunga mengi sana kwahiyo nitakwambia ninachokijua.

Kabla hujanunua chuma chochote toa siti, toa kapeti lote, toa na ile lami ya kuzuia kelele kama ipo. Chukua bisibisi ya zamani na nyundo ndogo. Gonga sakafu yote na vizingiti vya milango, ndani na nje, bati zima linalia ti ti ti, bati lililooza linalia kama unagonga boksi la karatasi. Pale linapolia vibaya chomeka bisibisi, ikizama usihuzunike, afadhali umejua leo. Mlango kugoma kwa jeki kwenye gari ya wazi kunaweza kuwa ni umbile lake tu lakini kutoka sarafu mbili hadi karatasi kukataa kupita ni nyingi, mimi nahisi kizingiti cha kushoto kimeliwa kwa ndani. Nje kinaweza kuonekana kizuri kabisa, rangi inang'aa, kumbe ndani ni unga mwekundu.

Ukiimarisha juu ya kutu umefunga bandeji juu ya mfupa uliovunjika. Lile skwea paipu jipya litakuwa gumu, halafu litang'oka na kipande cha bati bovu ulilolichomelea. Nimeliona hilo kwa macho kwenye pikapu ya mteja.

Tupe majibu ya bisibisi kwanza.

---

Farasi wa Ohio

Fundi hapo juu amesema kweli, na kwa Mustang hizi za 65 na 66 naongezea mahali pa kuangalia maana nilikuwa nayo ya 65 ya turubai kwa miaka 11 na nimeifungua yote mpaka ikabaki ganda.

Kwanza chini ya kioo cha mbele, pale kwenye matundu ya kuingiza hewa. Ndani yake kuna mfereji wa bati na zile shingo mbili za kupitisha hewa kuja ndani, zikioza maji ya mvua yanaingia moja kwa moja miguuni kwa dereva na abiria. Huu ni ugonjwa maarufu wa hizi gari. Mwaga maji ya jagi pale juu mwenzio akiwa ameinama ndani na tochi, utaona mwenyewe. Maji hayo yanakaa chini ya kapeti, yanakula sakafu, yakimaliza sakafu yanakula yale unayoyategemea.

Na yapi hayo? Ford walijua wakikata paa wamekata uti wa mgongo, kwahiyo ya turubai ilipewa vitu vya ziada toka kiwandani: vizingiti vya ndani vya bati nene zaidi, bati kubwa la kuimarisha chini ya sakafu eneo la siti za mbele linalofunga kizingiti cha kushoto na cha kulia, na maboksi ya toki pande zote mbili, yaani vile visanduku vya chuma vinavyounganisha mwisho wa fremu ya mbele na kizingiti. Jina lenyewe boksi la toki, unaona lilitengenezwa kwa ajili ya nini. Usije ukaruhusu mtu akakubadilishia sakafu akaweka ile ya kawaida ya gari yenye paa la bati akaacha kurudisha hilo bati la chini. Nimekuta gari ya namna hiyo inauzwa, imepakwa rangi nyekundu nzuri sana, nilipoinama chini hakuna bati la kuimarisha, nikaamka nikaondoka.

Kuhusu baa za bolti: bolti inategemea tundu, na tundu kwenye bati la milimita 2 linapanuka pole pole, baada ya miezi michache inaanza kulia kwi kwi kila ukipita tuta. Chomelea. Tena hakikisha unanunua zile zilizotengenezwa kwa ajili ya gari ya turubai maana za kawaida zinagongana na lile bati la chini ya siti, watu wananunua halafu wanaanza kukata bati la kiwandani ili baa iingie, unatoa ngumu unaweka ngumu umefanya nini.

---

Newton wa Kariakoo

Naomba niweke hesabu kidogo hapa maana naona watu wanazungumzia toki kama ni upepo unaopita tu, wakati ina njia yake ndani ya gari na ukiijua njia unajua pa kuweka chuma.

Paundi-futi 400 ni kama Newton-mita 542. Gia ya kwanza inaizidisha mara 2.78, kwahiyo kwenye propela, ile shafti ya kwenda nyuma, inatoka karibu Newton-mita 1,500. Hiyo 1,500 haiendi nyuma bure, injini na giaboksi vinajibu kwa kujizungusha upande wa pili kwenye mauntingi, vile vikalio vya mpira vinavyoishika injini. Krenki ikizungukia kushoto ukiwa umekaa kwa dereva, bloku linataka kulalia kulia, ndio maana mauntingi ya kushoto ndio huchanika. Huku nyuma propela inataka kuuzungusha mhimili mzima wa difu, tairi la kushoto linakandamizwa chini na la kulia linanyanyuliwa. Sasa fikiria bodi yako iko katikati ya hayo mawili: mbele inakamuliwa kwenda huku, nyuma inakamuliwa kwenda kule, kama mama anavyokamua nguo. Pembe ya mbele kushoto juu, pembe ya nyuma kulia juu. Hicho ndicho V8 yako itafanya, na ni tofauti na kile ulichokiona kwenye jeki. Kwenye jeki kulikuwa na kupinda na kujikamua vimechanganyika.

Sasa kupinda na kukamuliwa ni magonjwa mawili na dawa zake ni mbili. Chukua kiberiti cha njiti. Toa ile droo ya ndani, ishike pande mbili uikamue, inajisokota kirahisi kabisa. Irudishe kwenye ganda lake ukamue tena, imekaza. Karatasi ni ileile. Gari yenye paa la bati ni kiberiti kizima, yako ni droo peke yake.

Nikupe jaribio jingine la chuma maana karatasi wengine hawaiamini. Bomba la salensa la inchi 3, ukuta milimita 2, huwezi kulikamua kwa mkono hata ukilia. Lipasue kwa grenda mpasuo mmoja tu kutoka mwanzo hadi mwisho, usiondoe kitu, mpasuo tu. Ukipiga hesabu ukakamavu wake wa kukamuliwa unashuka karibu mara elfu moja. Mara elfu, kwa mpasuo mmoja. Kwahiyo unapoimarisha gari ya wazi kila wakati jiulize je hiki nilichoweka kimefunga sanduku au ni chuma kimelala tu wazi. Kipande chenye umbo la U kilichochomelewa kingo zote mbili kwenye sakafu kimekuwa sanduku. Kipande hichohicho kikishikwa nukta nne tu bado ni U.

Ndio maana zile baa mbili peke yake zitakusaidia kwenye kupinda, mlango utafunguka, utafurahi, lakini kwenye kukamuliwa zitakupa kidogo. Baa mbili sambamba zisizofungwa pamoja ni kama reli bila mataruma.

Na kitu cha mwisho, tairi. Watu wanasahau kwamba tairi ndio fyuzi ya mfumo mzima. Gari yako ni kama kilo 1,300, tuseme wakati wa kuondoka asilimia 55 inakaa nyuma, kilo 715. Tairi la kawaida la barabarani tuseme msuguano 0.8, nusu kipenyo sentimita 32, inatoka kwamba magurudumu ya nyuma yanaweza kupokea kama Newton-mita 1,800 tu kabla hayajateleza. Gawanya kwa difu 3.55, propela inabeba kama 500 na ushee, si ile 1,500. Ukiweka tairi laini za mashindano msuguano ukafika 1.5, mzigo huo unakaribia kuwa mara mbili, na hapo ndipo bodi hupasuka nyufa. Hapo sijahesabu kishindo cha kuachia klachi ghafla ambacho kinapita hesabu zote hizi kwa sekunde moja. Kwahiyo ukitaka kujua bodi yako iwe ngumu kiasi gani tuambie kwanza utavaa tairi gani.

---

Kamanda T

Mimi kwa maoni yangu achana na hizo habari, tafuta chesisi nzima ya pikapu, kata sakafu, kalisha bodi juu yake. Imekwisha.

---

Farasi wa Ohio

@Kamanda T nakuelewa lakini hapana. Wheelbase ya hiyo gari, yaani umbali wa tairi la mbele na la nyuma, ni inchi 108, itabidi ukate chesisi uifupishe, tayari umeanza na chuma chenye viraka. Itapanda juu au itabidi ukate sakafu yote ambayo ndiyo inayobeba. Uzito utaongezeka sana. Wakati skwea paipu mbili za milimita 50 kwa 75 ukuta wa 3, kila moja kama mita 1.2, zote pamoja hazifiki kilo 14. Kuna chesisi kamili zinazotengenezwa maalum kwa hizi Mustang ni kweli, ila kwa mtu anayetaka kupeleka watoto kula aiskrimu ni kupita kiasi.

Ningekuwa wewe @Turubai66 ningefanya hivi na ndivyo nilivyofanya yangu. Zile baa za kuunganisha fremu ya mbele na ya nyuma, zimechomelewa mbele nyuma na kingo zote kwenye sakafu kwa vipande vipande. Kutoka kwenye kila baa unatoa mikono mifupi miwili kwenda kwenye kizingiti, hapo baa na kizingiti vinakuwa ngazi, havisukumani kila kimoja kivyake. Halafu krosimemba ya giaboksi, kile chuma kinachokatisha upande hadi upande, unaifunga kwenye baa zote mbili badala ya kuiacha ining'inie pale ilipokuwa, na nyuma karibu na masikio ya mbele ya springi za plati unaweka krosimemba nyingine yenye pete ya kupitishia propela. Pete hiyo inakusaidia hata siku jointi ya propela ikikatika, haitachimba chini ikaurusha mkia wa gari.

Masikio ya springi hayo uyaangalie kwa macho mawili. Msukumo wote wa gari kwenda mbele unaingilia pale. Kila Newton ya kusogea mbele inapita kwenye ile bolti moja kila upande na bati lililoizunguka.

Mbele sasa. Zile nguzo za shokomzoba ndani ya boneti kwa miaka 50 na zaidi zimekuwa zikiegemeana, kila mwaka kidogo. Toa vile vibraketi viwili vyembamba vya asili vinavyotoka kwenye ukuta wa injini, weka braketi ya kipande kimoja ile wanayoiita ya eksipoti, Shelby GT350 za 1965 zilikuwa nayo. Halafu baa ya Monte Carlo kutoka nguzo hadi nguzo. Ikikataa kuingia jua nguzo zako zimesogeleana, usiilazimishe kwa nyundo, zisukume zirudi kwanza kwa jeki ndogo ukipima ulalo, yaani kona hadi kona, huu na huu. Ya kurefusha na kufupisha ni nzuri zaidi.

Upinde wa usalama nyuma ya siti, hapo sikushauri kwa sababu ya watoto. Ni kweli Shelby GT500 za wazi za 1968 zenye injini ya 428 zilikuja na upinde, na upinde uliokaa vizuri unasaidia sana kukamuliwa, ila kichwa cha mtoto bila helmeti karibu na bomba la chuma ni hatari mbaya, hata ukilifunga sponji. Badala yake fanya ukuta wa nyuma ya siti. Kunja paa lako likae chini kabisa kwenye shimo lake uone linafika wapi, halafu zile sehemu za pembeni kati ya matao ya matairi na fremu ya siti ya nyuma zizibe kwa bati la milimita 1.2 ukizungushia nukta za kuchomelea. Pembetatu mbili tu hizo. Bati jembamba lililosimama wima kama ukuta halitaki kukamuliwa, na halimnyimi mtu nafasi.

---

Turubai66

Nimesoma mara tatu. Asanteni sana jamani, kwa moyo wangu wote.

Majibu ya bisibisi haya hapa. Kizingiti cha kushoto kimezama sehemu mbili, chini ya goti la dereva na karibu na tairi la nyuma, kidole changu kinaingia. Boksi la toki la kushoto lina tundu la ukubwa wa yai. Kulia pazima kabisa. Lile bati la chini ya siti lipo, linahitaji msasa na rangi tu. Maji ya jagi yamepita shingo ya upande wa dereva kama bomba, kwahiyo ndio chanzo. Fundi wa Changamwe ulinena ukiwa Mombasa bila hata kuiona gari.

Tairi @Newton ni za barabarani, siendi kwenye mashindano. Labda siku moja moja kwenye ile njia ya robo maili kujaribu, lakini kwa tairi hizohizo.

Swali: nikate kizingiti cha kushoto kwanza ndio niweke baa au niweke baa kwanza? Na gari niiweke kwenye stendi za fremu au vipi maana nimeona video kila mtu na lake.

---

Bodi ni Bodi

Sasa hapa nisikilize kwa makini ndugu yangu maana hapa ndipo magari hufa.

Mwaka wa kwanza nilipojitegemea nililetewa gari ya wazi ya Kiingereza, ndogo, vizingiti vyote viwili vimeoza. Nikaiweka juu ya stendi mbili mbele na mbili nyuma kabisa mwisho mwisho, nikatoa milango ili nipate nafasi, nikakata kushoto na kulia siku moja ili nimalize haraka. Nikachomelea vipya, kazi safi, nikapiga rangi. Siku ya kurudisha milango haikuingia. Katikati ilikuwa imeshuka na mimi nimeichomelea hivyohivyo ikiwa imeshuka, ngumu kweli kweli, ya kudumu. Nilikata tena kila kitu kwa pesa yangu, wiki tatu. Mwenye gari alikuwa mzee mstaarabu akanisubiri.

Kwahiyo sheria zangu tangu siku ile. Gari ikae juu ya miguu yake, maana yake stendi ziwe chini ya mhimili wa difu nyuma na chini ya mikono ya chini ya tairi mbele, springi zibebe uzito kama iko barabarani. Injini kama haipo weka uzito wake pale mbele, mifuko ya mchanga, hata hiyo injini ya zamani irudishe ikae tu. Milango iwepo, imefungwa, nafasi zimerekebishwa sawa pande zote. Kama mlango umebana juu, jeki moja ya taratibu katikati chini ya kizingiti chenye bati zima, nyanyua robo robo mpaka nafasi iwe sawa, acha jeki hapo. Ndipo upitishe vyuma vya kushikilia ndani ya tundu la mlango kutoka nguzo ya bawaba mpaka nguzo ya kitasa, viwili kila upande, kimoja juu kimoja chini. Viwe vya kukaza kwa kuzungusha kama una uwezo. Pima ulalo wa tundu la mlango, uandike kwa chaki ukutani si kwenye simu.

Na upande mmoja kwa wakati mmoja. Kata kushoto, maliza kushoto, poza, pima, ndio uguse kingine. Swali lako la baa: kizingiti na boksi la toki kwanza, baa baadaye. Baa ikishawekwa inashikilia makosa yote uliyoyafanya kabla yake.

Kuchomelea usivute mstari mrefu hata kama mkono unawasha. Sentimita 2 hapa, nenda mbele kabisa sentimita 2, nenda upande wa pili, rudi. Bati la sakafu ni jembamba, joto likikusanyika linajikunja kama chapati kwenye kikaango. Waya wa 0.6 kwenye bati, 0.8 ukifika kwenye skwea paipu. Kabla ya kufunga sanduku lolote pulizia ndani praima ya kuchomelea, ile ya zinki, na ukimaliza ingiza nta kwa mpira mrefu kupitia matundu ya kutolea maji. Matundu hayo usiyazibe!

Betri toa kabisa. Tangi la mafuta toa nje ya gereji.

---

Farasi wa Ohio

Kuhusu tangi nasisitiza kwa mwenye Mustang maana watu hawajui: kwenye hizi tangi ndio sakafu ya buti. Sehemu yake ya juu ndiyo ile unayoweka mizigo juu yake, chini ya kapeti la buti hakuna bati jingine. Kwahiyo cheche ikiruka nyuma haikutani na ukuta, inakutana na tangi. Litoe, lipeleke mbali, na tundu lililobaki ulifunike kwa blanketi la kuchomelea. Siku ya kulirudisha funga bolti zake zote za kuzunguka kingo, nalo linashikilia kidogo sehemu ya nyuma.

Kitu kingine nilichosahau, mauntingi ya injini. Nunua mapya yenye kizuizi cha chuma ndani ili mpira ukichanika injini isinyanyuke upande wa kushoto ikavuta fimbo ya kanyagio la mafuta. Usiweke ya chuma kitupu, mtetemo wote utaingia kwenye hiyo bodi uliyoipigania.

---

Newton wa Kariakoo

Nakubaliana na wote wawili. Naongeza moja tu kuhusu mtetemo kwa sababu najua utauliza baadaye: usije ukachanganya dawa ya kutetemeka na dawa ya udhaifu. Chevrolet kwenye Camaro ya wazi ya 1967 waliweka makopo mazito pembe za gari, ndani yake kuna uzito unaocheza kwenye springi, kazi yake kunyonya mtikisiko wa dashibodi. Dereva anahisi gari imetulia. Ukakamavu wa bodi uko palepale. Kwahiyo ukimaliza kazi usiipime kwa jinsi usukani unavyotetemeka, ipime kwa ulalo wa tundu la mlango na jeki pembe ileile, urefu uleule.

---

Turubai66

Wakuu narudi na mrejesho, imenichukua wiki 7, za Jumamosi na Jumapili tu maana kati ya wiki niko barabarani.

Nilifuata kama mlivyosema. Shingo ya hewa nimeiunga upya na mfereji umejaribiwa kwa jagi, kapeti halijapata hata tone. Kizingiti cha kushoto kipya ndani na nje, boksi la toki jipya, milango ikiwa imefungwa muda wote na injini ya zamani imekaa mbele kama mzigo. Baa nimechomelea, mikono ya kwenda kwenye vizingiti miwili kila upande, krosimemba mbili, pete ya propela ipo. Nguzo za shokomzoba zilikuwa zimesogeleana milimita 6, zimerudi kwa jeki bila nyundo, Monte Carlo imeingia kwa mkono. Zile pembetatu za nyuma ya siti nimeziziba, paa linakunjwa mpaka chini na siti imerudi. Mikono imeungua sehemu mbili, mke wangu amekasirika kuhusu harufu ya zinki, tumeelewana.

Vipimo: kabla ya kazi nilipima ulalo wa tundu la mlango wa dereva, nikapandisha jeki pembe ya mbele kushoto sentimita 15 nikapima tena, tofauti milimita 5. Baada ya kizingiti na boksi peke yake, jeki ileile pale pale, milimita 3. Baada ya baa na mikono yake, 2. Baada ya krosimemba na bati za nyuma ya siti tepu inasoma milimita 1 na nilibishana nayo nikapima mara nne. Mlango wa dereva unafunguka tairi likiwa hewani, sarafu mbili zinaingia.

V8 inaingia wikendi ijayo, jamaa wa kuja na winchi nimempata. @Bodi ni Bodi nina swali dogo: chini ya mkono wa nyuma kushoto mshono mmoja una vitundu vidogo kama vya sindano, nadhani upepo ulipeperusha gesi maana mlango wa gereji ulikuwa wazi. Nisage yote nirudie au nipitishe juu yake?

---

Bodi ni Bodi

Saga yote mpaka uone chuma cheupe, urudie mlango ukiwa umefungwa. Usipitishe juu. Na pongezi sana kaka, hiyo milimita moja nimeionyesha vijana wangu wote hapa gereji.